Fundi anayerudisha IMEI si mwizi wa simu

Kunako soko la Kadutu, kule Nyawera na kando ya barabara za Essence, mafundi wa simu hawakosi lawama. Simu ikiibwa usiku, asubuhi macho yanamwelekea kijana mwenye kompyuta kuukuu na fungu la waya. Inasemwa yeye ndiye anayebadilisha namba za simu, yeye ndiye anayewapa wezi soko. Wakaaji wengi wa Bukavu ninaozungumza nao wangependa leta ipige marufuku kazi hii ya kuflashi simu, mambo yaishie hapo. Mimi nalikataa wazo hilo, na ninalikataa nikijua kwamba ndani ya vibanda hivyo kuna wanaofanya kazi chafu kweli.

Tuone kwanza uzito wa jambo. Mabenki yalipofunga milango mjini hapa mwezi wa pili mwaka 2025, pesa zilihamia ndani ya simu. Mshahara wa mwalimu, msaada wa dada aliyeko Kinshasa, minervali ya mtoto, bei ya mfuko wa unga, vyote vinapita kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money. Ni kweli kwamba konti imefungwa kwenye kadi ya SIM, haikai ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kuchomeka kadi yake ndani ya simu ya jirani. Lakini kufanya hivyo kila siku ni kumwonyesha jirani namba yako ya siri na salio lako. Halafu kuna picha za marehemu, kuna sauti za WhatsApp za mume aliye machimboni Shabunda, kuna picha ya diplome ambayo karatasi yake ilibaki kijijini wakati wa kukimbia vita. Anayesema "akanunue nyingine" hajawahi kuhesabu ni ndoo ngapi za sambaza zinatosha kununua simu.

Sasa simu "imekufa programu" maana yake nini? Nimekaa mara nyingi kwenye benchi za mafundi hawa, na jambo lenyewe halina uchawi. Ndani ya kila simu kuna programu ya chini kabisa, ile inayoamsha kifaa kabla Android haijaonekana, inayojua kuongea na ekra, kamera, batri na antena. Mafundi wanaiita fimwea. Ikivurugika, labda batri ilizima katikati ya apdeti, labda kumbukumbu imechoka, labda mtoto alibonyeza asichokijua, simu inakwama kwenye alama ya kampuni, inazima, inawaka, inakwama tena. Vyuma vyote ni vizima. Dawa ni kuiandika upya programu hiyo kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Ndiyo kuflashi, basi.

Kwa simu zinazojulikana, kazi si ngumu sana. Za Samsung zina Odin, zenye chipu ya MediaTek zina SP Flash Tool, zenye chipu ya Unisoc zina chombo chao kinachosoma faili za aina ya PAC. Fundi anatafuta faili la modeli, analipakua usiku kwa mega zake mwenyewe, anachomeka waya, anaomba Mungu umeme usikatike.

Taabu inaanza pale jina la nyuma ya simu lisipotosha. Chukua Samsung Galaxy A12. Simu mbili zenye jina hilo, zinazofanana kama mapacha: moja, SM-A125F, ina chipu ya MediaTek Helio P35, nyingine, SM-A127F, ina Exynos 850 ya Samsung yenyewe. Faili la moja halimfai mwenzake. Na hapo tunaongelea kampuni kubwa inayoandika namba zake waziwazi.

Shuka ngazi moja uone. Meza za barabarani zimejaa simu za bei ndogo zisizo na baba wala mama, na zile zinazojiita Samsung au iPhone ilhali viwanda vya kampuni hizo hazijawahi kuviona. Kiwanda kinatoa kundi la kwanza na ekra ya mwuzaji fulani; kundi linalofuata kinaweka ekra ya mwuzaji mwingine iliyokuwa rahisi zaidi wakati huo, na jina la simu halibadiliki. Hakuna tovuti ya kampuni, hakuna faili, hakuna mtu wa kuandikia. Fundi akichukua faili la "modeli hiyo hiyo" aliloliokota kwenye kundi fulani la Telegram, simu inawaka na ekra nyeupe tupu. Au ekra inaonekana vizuri lakini ukigusa juu inaitika chini. Au kamera inapofuka.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia baadhi yao. Fundi mwenye akili anafungua simu na kusoma namba iliyochapwa kwenye bodi. Jina la nyuma halimshughulishi tena. Kisha anatafuta simu pacha, nzima, yenye bodi ile ile, ikiwezekana ya kundi lile lile la kiwandani. Anawauliza wenzake wa Ibanda, wa Bagira, hata wa Uvira. Akiipata, anaisoma programu yake kwa waya, anaihifadhi kwenye kompyuta bila kuigusa simu ile kwa ubaya wowote, halafu anaiandika kwenye simu mgonjwa. Ni kama kuongezewa damu: kundi lisipolingana, mgonjwa anafia mikononi. Kazi hiyo inaweza kula siku tatu, na mteja analipa dola chache akinung'unika. Wahandisi wa kiwanda wangefanya hivyo kwa nusu saa kama wangekuwa wamejali kuacha faili mahali fulani.

Lakini kuna sehemu moja ya damu hiyo ambayo haitakiwi kuhama, na vurugu yote ya wezi na wasio wezi inatoka hapo. Katika simu za MediaTek kuna sehemu ndogo ya kumbukumbu iitwayo NVRAM. Humo kumewekwa IMEI pamoja na vipimo vya antena vilivyopimwa kiwandani kwa ajili ya simu hiyo moja tu. SP Flash Tool nayo ina chaguo la kufuta kila kitu kabla ya kuandika. Fundi mwenye haraka analipenda chaguo hilo kwa sababu linaondoa matatizo mengi kwa mkupuo mmoja. Simu inawaka, inapendeza kama mpya, mteja analipa. Akifika nyumbani anaweka kadi, mtandao hakuna. Anapiga *#06# na kukuta sufuri tupu, au maneno ya kumwambia kwamba IMEI si halali.

Nilimkuta mama mmoja muuza sambaza katika hali hiyo, amesimama mbele ya kibanda na ndoo yake tupu.

"Mwanangu, simu inaimba nyimbo zote, mbona haipigi?"

"Mama, imepoteza kitambulisho chake. Leta karatoni yake, tukirudishe."

Mpita njia mmoja akadakia palepale: "Mnaona? Wanabadilisha namba mchana kweupe!"

Watu wawili watatu wakasimama. Kijana akanyamaza, akaendelea na waya zake. Ninaandika haya kwa sababu ya mpita njia yule, maana hakuwa na ubaya. Hakuna aliyewahi kumweleza tofauti.

IMEI ni namba ya tarakimu 15. Nane za kwanza zinasema simu ni modeli gani, sita zinazofuata ni za kifaa chenyewe, na ya mwisho inahakiki kwamba zile nyingine hazikukosewa. Namba hiyo imechapwa kwenye karatoni, na kwenye simu nyingi iko chini ya batri au kwenye kibandiko cha nyuma. Fundi anayeisoma kwenye karatoni ya yule mama na kuiandika tena ndani ya simu yake hajaficha chochote. Amefanya kazi ya yule anayekutolea upya kadi ya mchaguzi iliyoharibiwa na mvua, yenye jina lako na picha yako. Anayechukua namba ya simu nyingine na kuibandika kwenye simu ya wizi ili isijulikane, huyo ameghushi kadi. Kompyuta ni ile ile, waya ni ule ule, programu ni ile ile. Kinachowatofautisha ni namba iliyoandikwa, na ushahidi wa mahali ilipotoka. Ndiyo maana kupiga marufuku vifaa vya kazi hakutatusaidia: mwizi atavificha chini ya kitanda, na fundi mwaminifu atafunga kibanda.

Wapo watakaosema nchi zilizoendelea zimekataza. Ni kweli, Uingereza ilitunga sheria mwaka 2002 inayofanya kubadilisha IMEI kuwa kosa la jinai, kifungo chake hadi miaka 5. Ila someni sheria hiyo mpaka mwisho. Inamwacha huru mtengenezaji wa simu, na mtu aliyepewa ruhusa na mtengenezaji kwa maandishi. Huko mteja anaweza kumfikia mtengenezaji au mwakilishi wake. Hapa, tukiinakili sheria hiyo neno kwa neno, yule mama wa sambaza ataomba ruhusa ya maandishi kwa nani? Simu yake ilitengenezwa na kiwanda ambacho hata jina lake halikuandikwa.

Leta nayo tunaikumbuka kwenye habari hii ya IMEI. Mwaka 2020 ilianzisha RAM, rejista ya vifaa vya simu, tukaambiwa itapambana na simu bandia na wizi. Inite zikaanza kukatwa, na kwa mwenye simu ya 3G au 4G ilikuwa dola 7 kwa mwaka. Kelele zikapigwa na raia, zikapigwa bungeni, na mwaka 2022 makato yakafutwa. Wazo la rejista halikuwa baya. Lingeweza kumpa aliyeibiwa mahali pa kutangaza IMEI yake na kuifanya simu ile isifae popote nchini. Watu walichoona ni makato. Sasa ukitamka neno IMEI mbele ya mkaaji wa hapa, anashika mfuko wake kwanza.

Kwa upande wa kampuni, sioni sababu ya kuwa na adabu nyingi. Tangu tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 2025, anayeingiza modeli mpya ya simu kwenye soko la Umoja wa Ulaya analazimika kuweka vipuri kwa miaka 7 baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, kutoa apdeti za programu kwa angalau miaka 5, na kuwapa mafundi wa kujitegemea programu zinazohitajika ili vipuri vipya vikubaliwe na simu. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Kampuni zilipolazimishwa, zilitii. Simu zinazouzwa Bukavu haziguswi na sheria hiyo. Sitarudia wimbo wa koltani ya Rubaya na kobalti ya Kolwezi, kila mtu anaujua. Nitasema tu kwamba nchi inayotoa kobalti nyingi kuliko zote duniani haijaomba kitu kikubwa ikiomba faili la gigabaiti tatu. Anayeleta makontena ya simu kutoka Dubai au Guangzhou angeweza kupewa sharti moja dogo kabla ya kuuza: kwa kila modeli na kila bodi, uache nakala ya fimwea mahali ambapo fundi yeyote ataipata bila kulipa.

Faili la kuaminika lina faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitangaza kwamba imekuta programu haribifu iitwayo Triada ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwa mpya kutoka dukani. Ilikuwa ikiwaandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua, na kula inite zao. Transsion, kampuni yenye jina la Tecno, ilimlaumu mtu wa kati katika safari ya kutoka kiwandani hadi sokoni. Kama hayo yaliwezekana kwa simu yenye muhuri, fikiria faili lililopita mikononi mwa watu kumi wasiojulikana kwenye Telegram, halafu likaandikwa ndani ya simu ambayo kesho itapokea ujumbe wa M-Pesa. Mteja hataona tofauti. Simu itawaka vizuri tu.

Kwa hiyo nikiwatetea mafundi, ninawadai pia. La kwanza ni kusoma kabla ya kuandika. Simu ya MediaTek ambayo bado inaitika kwa waya, mara nyingi inakubali kusomwa NVRAM yake hata kama Android imekufa. Ni dakika chache. Nakala hiyo ikiwepo, hakuna IMEI ya kurudisha, hakuna karatoni ya kutafuta, hakuna mpita njia wa kupiga kelele. Wanafunzi wengi wa kazi hii hawafundishwi hivyo kwa sababu mabosi wao nao hawakufundishwa. Wanakariri vitufe: bonyeza hapa, subiri rangi ya kijani. Na wengine wanatumia boksi za wizi, zile programu za kulipia zilizovunjwa, ambazo zenyewe zimejaa virusi.

La pili ni daftari. Daftari la kawaida la mwanafunzi linatosha: tarehe, jina la mteja, simu, IMEI iliyoonekana kabla, IMEI iliyokuwa kwenye karatoni, IMEI baada ya kazi. Polisi wakija, fundi anafungua ukurasa. Najua kuna watakaosema daftari litawafukuza wateja. Litawafukuza wale ambao hawapaswi kuwa wateja.

Simu zilizofungwa na konti ya Google ni mfupa mgumu zaidi, na hapa sina msimamo wa chuma. Ulinzi huo ulikuja na Android 5.1 mwaka 2015 ili simu ya wizi ikifutwa isitumike bila nenosiri la mwenyewe. Ni kitu kizuri. Lakini hapa kwetu mwuzaji ndiye aliyemfungulia mteja ile konti siku ya kununua, kwa jina alilolibuni, na nenosiri likasahaulika kabla ya jua kuzama. Kuna mabibi wanaofungiwa nje ya simu zao halali. Fundi akatae wote? Hapana. Aombe fakture au karatoni, na asiye navyo alete barua ya shefu wa avenyi anayemfahamu. Barua inaweza kughushiwa, ndiyo. Bado inamlazimisha mwongo kuwahusisha watu wawili zaidi katika uongo wake, na wengi wataishia njiani.

Kuhusu ile simu pacha inayotoa damu, neno moja tu. Ina mwenyewe. Kwenye simu za zamani na za bei ndogo, kusoma kumbukumbu yote ni kunakili pia picha na jumbe za mtu aliyekuja kutoa msaada. Fundi asome sehemu za mfumo tu, aache sehemu ya mtumiaji. Kompyuta nyingi za vibanda hivi zimebeba maisha ya watu ambao hawajui kwamba yamo humo.

Na nakala hizi zote ambazo mafundi wamezisoma kwa jasho lao ziko wapi? Kila mmoja ameficha zake kwenye diski yake, kama dawa ya ukoo. Diski ikianguka, kazi ya miaka imepotea. Ningependa kuona mafundi wa Kadutu, Ibanda na Bagira wakikubaliana kuwa na diski moja ya pamoja, faili zikiwa zimepangwa kwa namba ya bodi, NVRAM za watu zikiwa zimeondolewa. Anayeleta nakala mpya achukue mbili za wengine. Ushindani hautakufa, mteja hachagui fundi kwa sababu ya faili, anamchagua kwa mkono wake na kwa jina lake mtaani.

Nilipowaambia wachache kuhusu kujiandikisha kwenye komini, walicheka, na ninawaelewa. Hapa daftari la leta halikawii kuzaa kodi. Basi daftari libaki kwao, kwa chama chao, na komini iombe kuliona pale tu kuna mashitaka ya simu fulani yenye IMEI fulani. Hiyo inahitaji aliyeibiwa awe anaijua IMEI yake, na hapo wateja nasi tunaingia. Piga *#06# leo, andika namba mahali ambapo si ndani ya simu hiyo hiyo. Simu ya kadi mbili itakuonyesha namba mbili, andika zote. Aliyepoteza karatoni lakini ana konti ya Google anaweza kuiona IMEI humo, kwenye ukurasa wa kutafuta simu iliyopotea, akiufungua kwa simu nyingine au kompyuta. Na mwenye karatoni bado, asiichane kuwashia makala.